Kiraka Kisichovutwa

Jioni ya siku aliyong'olewa gego, mama anakunywa maji. Kabla hajashusha kikombe, maji yanamchuruzika kwenye tundu moja la pua, upande uleule wa jino. Anadhani amepaliwa. Anapiga funda jingine dogo, ameinamisha kichwa, na maji yanarudia njia yao. Damu isingemtisha hivyo. Damu ya jino kila mtu anaijua. Maji ya kinywani kutokea puani ni jambo ambalo hata majirani hawana neno la kumwambia.

Mama huyu nimemtunga, ila yanayompata hayakutungwa. Nimemweka Kamina, na tumfanye muuza samaki, wale wa moshi wanaotoka maziwa ya Upemba. Kamina ni mji mkuu wa Haut-Lomami tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, na kabla ya hapo ulikuwa mji wa reli: njia moja yateremka Lubumbashi, nyingine yaelekea Ilebo, nyingine yashika mashariki kwenda Kabalo na Kalemie. Kutoka hapo hadi Lubumbashi ni takriban kilomita 600 za reli. Mwenye jino linalomuuma hangoji garimoshi. Huling'oa palepale alipo, na likiacha tundu, tundu nalo ni lake palepale. Ndiyo maana ufundi ninaotaka kuusifu hunigusa zaidi nikiutazama kutoka Kamina. Kuziba tundu lililofunguka kati ya kinywa na pango la shavu ni kazi isiyodai mashine kubwa. Inadai taa nzuri, ganzi, kisu kidogo, sindano, uzi, na mkono uliojifunza kutovuta.

Pango lenyewe kwanza. Ndani ya mfupa wa taya la juu, kila upande wa pua, kuna chumba cha hewa ambacho waganga hukiita sainasi. Kwa mtu mzima hujaa takriban mililita 15, kijiko kimoja kikubwa cha kulia. Kuta zake zimetandikwa utando mwembamba wenye vinyweleo visivyoonekana kwa macho, na vinyweleo hivyo husukuma ute usiku na mchana kuelekea kwenye kitundu kinachofungukia puani. Cha ajabu, kitundu hicho kiko juu, karibu na dari. Chumba hiki hakijiwezi kwa mteremko. Uchafu wake wote hupandishwa ukutani na vinyweleo. Vikiugua vinyweleo, uchafu unakaa.

Na sakafu ya chumba hicho ndiyo iliyobeba vichwa vya mizizi ya magego ya juu, hasa gego la kwanza na la pili. Kwa watu wengine mfupa uliopo katikati una unene wa milimita kadhaa. Kwa wengine ni mwembamba kama ganda la yai. Wapo ambao mizizi yao imechungulia ndani kabisa na kufunikwa na utando peke yake. Mng'oa jino anaweza kufanya yote kwa utaratibu, akatikisa taratibu, akavuta taratibu, na bado sakafu ikatoka imegandamana na mzizi. Nalisema hili mapema kwa sababu mgonjwa, na wakati mwingine hata mganga mwenyewe, huanza kutafuta wa kumlaumu. Mara nyingi hakuna. Mfupa ulikuwa hivyo tangu zamani.

Leonardo da Vinci alikwisha kulichora pango hili mwaka 1489, akiwa na fuvu alilolipasua katikati. Lakini jina lililobaki vitabuni ni la mganga wa Uingereza, Nathaniel Highmore, aliyelieleza katika kitabu chake cha mwaka 1651. Humo ameandika habari za mwanamke mmoja aliyesumbuliwa na usaha, akang'olewa chonge, na baada ya hapo shimo halikufunga. Siku moja mwanamke yule akaingiza sindano ndefu ya fedha ili ajue shimo linaishia wapi. Ikaingia. Akachukua unyoya, akauingiza nao, ukazidi kwenda, mpaka akaamini umefika kwenye ubongo. Kumbe unyoya ulikuwa unajikunja ndani ya chumba kitupu. Kati ya mwanamke yule na mama yetu wa Kamina pamepita zaidi ya miaka 370, na hofu ni moja: mwili wangu una mlango ambao sikuujua, na sijui unakokwenda.

Fundi mzuri huanza kwa kutogusa. Tundu lisilofika milimita 2 kwa kawaida hujifunga lenyewe, mradi donge la damu lililojaa kwenye shimo la jino liachwe likae. Donge lile ni kazi ya mwili, na ni kazi nzuri kuliko kizibo chochote cha mkononi. Kwa hiyo anayeshuku kwamba sakafu imefunguka hatumbukizi chuma kupima kina, wala hamwambii mgonjwa apulize kwa nguvu huku ameziba pua. Akifanya hivyo anaweza kuligeuza tundu la sindano kuwa tundu la kidole, na kuusukuma uchafu ndani ya chumba kilichokuwa safi. Badala yake humwambia mgonjwa abane pua kidogo na kuacha pumzi ndogo itoke. Humulika, hutazama kama pana povu dogo linalochezea penye jino, husikiliza kama pana mvumo. Basi. Akipata jibu hulaza pamba, huishikiza kwa uzi, humwambia mgonjwa asipenge kamasi, na hungoja.

Tundu likipita milimita 5, kungoja hakusaidii. Baada ya siku chache tu, ngozi laini ya kinywani huanza kupanda pande zote za shimo ikikutana na utando wa pangoni unaoteremka, na kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo shimo linakuwa bomba lililotandikwa ndani kote. Kidonda kilichopata ngozi hakina haja tena ya kufunga. Kimekwisha kupona kwa njia yake, isipokuwa kimepona kikiwa wazi. Hapo ndipo chembe za bukari, yaani ugali, zinapopanda juu, usaha unapoteremka chini, kinywa kinapopata ladha ya chumvi na uvundo, na shavu kuwa zito. Sauti nayo hubadilika tundu likiwa kubwa. Herufi zinazodai pumzi ijae kinywani kabla ya midomo kuachana, p na b, hukosa nguvu, maana pumzi imepata njia ya pembeni. Mama anayeita wateja sokoni anasema "bukari" na watu wanasikia "mukari".

Kabla ya kisu kuna kuosha, na hapa wengi hushindwa kwa sababu ya haraka. Pango lenye usaha halifungwi. Ukilifunga umejenga ukuta juu ya uozo, na uozo utautoboa ukuta ndani ya wiki hiyohiyo, ukiondoka na nyama nzuri uliyoitumia. Fundi hupitisha maji ya chumvi ya uvuguvugu kwenye tundu lenyewe, taratibu, mgonjwa ameinama, maji yatoke puani. Leo yanatoka ya manjano. Kesho kutwa yana mawingu. Dawa za kuua vijidudu zinaendelea, matone ya pua yanaendelea, na fundi anarudia mpaka siku maji yatakapotoka kama yalivyoingia. Wakati mwingine pangoni kuna kitu: kipande cha mzizi kilichosukumwa juu, au utando uliooza usioweza kupona. Hapo hulazimika kufungua dirisha kwenye ukuta wa mbele wa mfupa, juu ya mizizi, njia ambayo George Caldwell aliieleza New York mwaka 1893 na Henri Luc akaieleza Paris mwaka 1897, kila mmoja kwa upande wake. Majina yao mpaka leo hutajwa kwa pumzi moja.

Kati ya kuosha na kukata kuna tendo ambalo kila nikilifikiria hunirudisha kwa Waluba, wenyeji wa nchi hiyo ya Kamina. Watu wa chama cha Mbudye, watunza kumbukumbu za ufalme, walikuwa na lukasa: ubao mdogo wa kushikwa mkononi, umepigiliwa shanga na vipande vya chuma au umechongwa alama. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto na kuupitishia kidole cha kulia, akigusa ushanga baada ya ushanga, na kutoka kwenye kila mguso yakatoka majina ya wafalme, safari, mahali patakatifu. Jicho lilisaidia, lakini kidole ndicho kilichosoma. Fundi wa kinywa naye, mgonjwa akishapigwa ganzi, hupitisha chuma butu kwenye kingo za shimo. Tundu analoliona ni dogo kuliko lile alilonalo mgonjwa. Nyama laini huficha mfupa uliokosekana. Chuma kinapokwaruza, hapo pana mfupa. Kinapozama kimyakimya, hapo hapana. Anazunguka kingo zote namna hiyo, na ramani anayoipata huamua kiraka kitakatwa upana gani. Mshono usipokaa juu ya mfupa mzima, umekaa hewani, na mshono wa hewani hufumuka.

Sasa kisu. Kwanza lile bomba la ngozi hukatwa lote na kutolewa, kwa sababu ngozi na ngozi hazishikani hata ukizishona mwaka mzima. Ni mbichi na mbichi zinazoungana. Kwa dakika chache kazi inaonekana kurudi nyuma: tundu limekuwa kubwa kuliko mwanzo, na linatoka damu. Anayetazama kwa mara ya kwanza hushtuka. Fundi hashtuki, kwa kuwa damu hiyo ndiyo gundi yake.

Kiraka kinachotumika zaidi hutoka ndani ya shavu, palepale jirani. Rehrmann, Mjerumani, alikieleza mwaka 1936, na umbo lake halijabadilika sana. Mikato miwili inaanzia kwenye kingo za shimo na kupanda juu kuelekea shavuni, ikiachana kadiri inavyopanda, hivyo kwamba kiraka ni chembamba kwenye ncha na kipana kwenye shina. Upana wa shina si urembo. Damu yote ya kulisha ncha inapitia pale. Punguza shina, na kesho ncha imegeuka nyeusi. Mkato wa nyuma una jirani wa kuheshimiwa: mfereji wa mate kutoka tezi ya mbele ya sikio hufungukia shavuni mkabala na gego la pili la juu, na fundi hujua ulipo kabla hajaweka kisu. Kisha kiraka hubanduliwa kutoka kwenye mfupa, nyama pamoja na utando mgumu wa mfupa ulio chini yake, kwa chuma bapa kinachosukumwa polepole kikiwa kimelalia mfupa muda wote.

Baada ya kazi yote hiyo, kiraka hakifiki. Ukikishika kwa ncha na kukivuta juu ya tundu, kinafika nusu ya njia, kinarudi. Asiye fundi angekishona hivyohivyo kwa nguvu, na uzi ungeshika siku mbili. Mwenye kujua hukigeuza kiraka tumbo juu. Nyama ya shavu hunyumbuka. Utando wa mfupa haunyumbuki, na ndio unaoshikilia kila kitu. Kwa hiyo huupitishia kisu mara moja, kwa upana, juu karibu na shina, kwa kina kile tu cha utando wenyewe. Mkato huo hauzidi unene wa karatasi ngumu. Ukipita kina, damu inajaa na mafuta ya shavu yanachungulia. Usipofika, hakuna kilichobadilika. Ukiwa sawasawa, kiraka kizima kinalegea mkononi kama kamba iliyofunguliwa fundo, kinateremka chenyewe, kinavuka shimo, kinalala upande wa pili juu ya kaakaa.

Mkato huo mmoja naustahi kuliko sehemu yoyote ya kazi. Hautaonekana tena: utafunikwa, utapona, na hakuna mgonjwa atakayejua kwamba ulikuwepo. Lakini mafanikio ya mshono yameamuliwa pale, kabla uzi haujatoka kwenye pakiti. Mafundi wana kipimo rahisi: laza kiraka juu ya tundu, kisha ondoa mikono. Kikikaa mahali pake bila kushikwa, shona. Kikirudi nyuma hata kidogo, geuza tena, legeza tena. Uzi kazi yake ni kukumbusha kiraka mahali pa kukaa, haukuwekwa pale kukikokota.

Mishono yenyewe ni kama ya fundi wa godoro, inayoingia na kurudi ili kingo zigeuke nje kidogo na ubichi ukutane na ubichi. Kati ya mshono na mshono hupita milimita chache. Fundo hukazwa mpaka nyama iguse nyama, na fundi hutazama rangi: ikibaki waridi, nyama inapumua, ikigeuka nyeupe, ameikaba, na atafungua fundo hilo na kulifunga upya hata kama amechoka na mgonjwa amechoka.

Kiraka cha shavu kina gharama yake. Kwa kuwa kimeteremshwa, kile kibonde kati ya ufizi na shavu hupungua kina, na mgonjwa atakayetaka meno ya bandia baadaye atapata taabu ya kuyakalisha. Ndiyo sababu wengine hupendelea kiraka cha kaakaa, ambacho Ashley alikieleza mwaka 1939: nyama nene yenye mshipa wake wa damu, inayokatwa kwa urefu na kuzungushwa pembeni kama mlango kwenye bawaba. Ni imara sana. Huacha mfupa wa kaakaa ukiwa mtupu mahali ilipotoka, na mgonjwa hula kwa maumivu mpaka pajifunike.

Lakini moyo wangu uko kwenye mafuta. Ndani ya shavu la kila mtu, mnene au mkonde, kuna kitonge cha mafuta ambacho Mfaransa Xavier Bichat alikitambua ni mafuta mwanzoni mwa karne ya 19. Kabla yake kulikuwa na waliokidhani tezi. Watoto wachanga wanacho kikubwa, na mashavu yao ya mviringo yanatokana nacho. Mtu akikonda kwa ugonjwa, hiki hakipungui kama mafuta mengine. Mwaka 1977 Peter Egyedi aliandika kwamba kitonge hiki kinaweza kuteremshwa na kuziba matundu yanayounganisha kinywa na pango au pua. Njia ya kukifikia ni ileile ya mkato wa utando niliousifu: ukipita kina kidogo upande wa nyuma, kwa makusudi safari hii, rangi ya manjano inajitokeza.

Hapo fundi anaweka kisu pembeni. Mafuta hayakatwi wala hayavutwi. Hubonyezwa kutoka nje ya shavu kwa kidole cha mkono mmoja, huku mkono wa pili ukifungua njia kwa mkasi butu, na kitonge kinatoka chenyewe, kinang'aa, kimevikwa ngozi yake nyembamba kama ya ndani ya yai. Ngozi hiyo ikipasuka, mafuta yanasambaratika na hayafai kitu. Mishipa midogo inayoyalisha imo ndani yake. Ikibaki nzima, kitonge kinaenea juu ya shimo na kushonwa kingo kwa kingo. Na huachwa hivyo, manjano, kikiwa wazi kinywani kwa mate na chakula. Mara ya kwanza niliposoma hilo sikuamini. Lakini siku zinapita, manjano inakuwa nyekundu, nyekundu inatanda, na baada ya wiki tatu hadi sita ngozi ya kinywa imetembea juu ya mafuta kutoka kila upande na kuyafunika. Ukitazama huwezi kusema yalikuwa wapi.

Nusu ya pili ya kazi iko mikononi mwa mama. Munganga, yaani daktari wake, anamwambia, ameketi mbele yake ili macho yakutane: "Mama, wiki mbili hizi usipenge kamasi. Zikitoka, futa tu. Chafya ikija, fungua kinywa, iache ipite hapo. Usinywe kwa mrija, na tumbako iache kabisa."

"Na vumbi hili la kiangazi, munganga? Nitazuiaje chafya?"

"Huizuii, mama. Unaifungulia kinywa tu."

Ni maelezo mepesi kusikia na mazito kutimiza. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua ni adimu Katanga, na muuza samaki wa moshi hukaa na vumbi mbele yake na moshi kwenye nguo zake. Kupenga mara moja kwa mazoea, usiku, kabla hajaamka vizuri, hutosha kupasua kiraka kutoka chini kwa pumzi yake mwenyewe. Kwa hiyo kwa siku kumi hadi kumi na nne anaishi akijisikiliza. Analala na kichwa juu. Anatafuna upande wa pili, bukari laini na mchuzi usiochoma. Ulimi unataka kwenda pale na kuzigusa nyuzi, naye anaurudisha, mara mia kwa siku. Hakuna anayemwona akifanya kazi hiyo, na hakuna kiraka kilichowahi kupona bila hiyo.

Siku ya kutoa nyuzi munganga anakata moja moja, anavuta kila uzi kuelekea upande wa kidonda ili asikifungue. Anamulika. Anagusa kwa pamba. Anambana pua kidogo na kumwambia aache pumzi ndogo, na hakuna povu wala mvumo. Halafu anaweka kioo mezani.

"Mama, sema bukari."

"Bukari," anasema mama, na b inapasuka kwenye midomo yote miwili.

"Tena."

"Bukari."